Mambo yetu tu ya hapa

Wiki iliyopita binti mmoja anayesoma chuo hapa Mtwara aliniandikia WhatsApp saa tano usiku. "Dada shikamoo. Nataka kuwa mchambuzi wa biashara kama wewe. Kompyuta naijua, Ekseli naijua. Wananiambia kinachonipungukia ni stadi laini. Nisome kozi gani?"

Nilicheka peke yangu mpaka mume wangu akageuka kitandani. Stadi laini! Yaani stadi za kuongea, kusikiliza na kuelewana na watu, ila huku kwetu ukitaja laini mtu anafikiria ya simu. Lakini swali likanikaa kichwani siku mbili nzima, kwa sababu zamani na mimi ningeuliza hivyohivyo, na mtu angenitajia kozi, na ningelipa.

Kwa wasioijua kazi hii: mchambuzi wa biashara anakaa katikati ya watu wenye kazi yao na mafundi wanaowatengenezea mfumo. Anaangalia kazi inavyokwenda, anatafuta inapokwama, anaandika nini kibadilike, halafu anawaeleza mafundi kwa namna ambayo hawataenda kujenga kitu kingine. Mama yangu, anayeuza samaki feri, akiulizwa binti yako anafanya kazi gani hujibu, "Anahojihoji watu." Zamani nilikuwa namsahihisha. Siku hizi namwacha.

Nitasimulia lililonikuta Tandahimba, wilaya ya wakulima wa korosho hukuhuku mkoani Mtwara.

Mwaka 2022 kampuni niliyokuwa nafanyia kazi, ya Dar, ilipata kazi ya kutengeneza mfumo wa kupokelea korosho kwenye chama kimoja cha msingi, yaani ushirika wa wakulima. Nikatumwa mimi kwa sababu "wewe si mtu wa kusini?" Mimi nimezaliwa Mikindani, mtu wa pwani kabisa. Tandahimba nilikuwa nimefika mara mbili tu, zote misibani. Lakini ukiwa Dar, kusini ni kijiji kimoja na wote tunajuana.

Nilifika na kompyuta, na shajara mpya, na vumbi mpaka kwenye nyusi. Wanachama walikuwa wamekusanyika ghalani. Nikasalimia, nikajitambulisha, nikasema sentensi niliyoifanyia mazoezi njia nzima: "Nimekuja kukusanya mahitaji yenu."

Wakanipa. Salfa ije mapema, kwa sababu bila kupulizia salfa kwa wakati ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, unakula maua na mwaka umekwenda. Maturubai. Magunia, yasije nusu nusu. Pikipiki ya katibu. Kisima. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akaomba zahanati, na akaeleza vizuri kabisa ijengwe wapi. Niliandika kurasa mbili na nusu. Hakuna hata mstari mmoja uliohusu mfumo.

Neno lilikuwa sahihi, kwenye fani hii mahitaji ni yale ambayo mfumo unatakiwa ufanye. Ila "mahitaji" kijijini lina historia yake. Kila aliyewahi kuja na gari na kuuliza mahitaji alikuwa mfadhili, au anatafuta kura. Wale wazee hawakukosea kunijibu. Mimi ndiye niliyejitangaza kuwa kitu nisichokuwa.

Kesho yake nikabadilisha mbinu, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Nikaandaa maswali yaliyonyooka. Mnataka mkulima apate ujumbe wa simu akishapima? Ndiyo. Mnataka kila mzigo uandikwe jina na namba ya simu? Ndiyo. Mnataka daftari liachwe, tutumie tableti? Ndiyo. Maswali 19, ndiyo 19. Nilitoka pale natembea kama bibi harusi.

Nikueleze tulivyokaa. Mbele viti vya plastiki: mwenyekiti, katibu, wazee wanne, na mimi nimewekewa chupa ya maji yenye leso juu. Nyuma kwenye mikeka, wanawake, labda 30. Mimi mwanamke mwenzao nikakaa kitini nikiwatazama wanaume, na sikugeuka hata mara moja. Posho ilikuwa imeshasainiwa kabla hatujaanza. Mtu amepokea posho yako, umemsalimia vizuri, umetoka mbali. Akwambie hapana ili iweje? Ile "ndiyo" yao ilikuwa na maana ya "karibu mgeni" tu.

Halafu daftari. Karani alinifungulia madaftari mawili makubwa ya kaunta, ya msimu uliopita. Jina, kijiji, idadi ya magunia, kilo, daraja, sahihi. Mwandiko mzuri mno, kama wa mwalimu wa zamani. Nikaanza kupiga picha kurasa, na nikaona pembeni, nje ya mstari, vialama vya wino mwekundu: herufi mbili mbili, na namba ndogo. Nikamuuliza, "Hizi ni nini, kaka?"

Akafuta miwani. "Aah, hayo mambo yetu tu ya hapa, dada."

Nikasema, "Sawa." Nikafunua ukurasa mwingine.

Kama kuna sekunde moja ya kazi yangu ningependa kuirudia, ni hiyo.

Mfumo ukajengwa, ukajaribiwa Dar, ukafanya kazi kama saa. Oktoba msimu ukafunguliwa nikarudi Tandahimba kusimamia siku za mwanzo. Siku ya kwanza foleni ilitembea. Siku ya pili niliona watu wanapima nusu ya mzigo wao na kuondoka na nusu. Nikadhani wanasubiri bei. Siku ya tatu, yapata saa nne, akaja mama mmoja na magunia matatu juu ya mkokoteni. Karani akamuuliza namba ya simu. Akatazama tableti, akatazama karani, karani akatazama chini. Yule mama akanishika mkono, akanivuta hadi nyuma ya ghala, kwenye kivuli.

"Wewe ndiye uliyeleta hii kitu?"

"Ndiyo mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa sikia, mwanangu. Korosho zangu. Jina la mjomba."

Nikanyamaza, kwa mara ya kwanza, kwa sababu sikuwa na swali lililoandikwa. Akaendelea. Shamba alipewa na mjomba wake, kaka wa mama yake, miaka mingi nyuma. Mikorosho kaipalilia yeye, kaipulizia yeye. Lakini mwanachama kwenye kitabu cha chama ni mjomba, na akaunti ya benki ni ya mjomba. Kwa hiyo mzigo unaandikwa kwa mjomba, na karani anaweka herufi zake yeye pembeni kwa wino mwekundu, na kilo zake. Pesa ikiingia wanakaa watatu, mjomba, yeye na karani, wanafungua daftari, kila mtu anachukua chake. Hawajawahi kugombana.

Mfumo wangu haukuwa na pembeni.

Na kulikuwa na baya zaidi. Namba ya simu ya mjomba iliyokuwa chamani, laini yenyewe alikuwa nayo mtoto wake, yuko Mbagala. Ujumbe wa siku ya kwanza, kilo zote kwa jumla, ulimfikia yeye. Akapiga simu usiku huohuo kumuuliza baba yake mbona mwaka huu ana mzigo mkubwa hivi na hasemi. Ndiyo maana watu walikuwa wanapima nusu nusu. Habari ilikuwa imeshazunguka kijiji kizima isipokuwa kwangu.

Usiku ule nikiwa gesti nilifungua simu. Picha 34 za daftari. Karibu kila ukurasa una wino mwekundu. Nilikuwa nimetembea na jibu mfukoni miezi mitano.

Mtu wa Dar atauliza, sasa kwa nini hawakusema? Mtu wa huku hataniuliza. Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, wote hawa ukoo wao kwa jadi unahesabiwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu ya shamba kuliko fomu yoyote inavyoweza kueleza. Halafu watu wana kumbukumbu. Novemba 2018, wanunuzi waliposhindwana bei na wakulima, Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kuzibeba. Kabla ya malipo kukawa na uhakiki: shamba lako liko wapi, mikorosho mingapi, hizi kilo umezitoa wapi. Lengo lilikuwa kuwanasa watu wa kangomba, wale wanaonunua kwa wakulima kwa bei ya kutupa nje ya utaratibu rasmi wa mauzo. Lakini kwa mama mwenye korosho zake chini ya jina la mjomba, swali "shamba la nani?" lilikuwa mtego. Miaka minne baadaye natokea mimi, na tableti, nauliza swali lilelile kwa sauti, mbele ya watu. Wangenijibuje?

Kurudi Dar na kulisema hili ndiyo ilikuwa kazi. Bosi alitaka liandikwe kuwa ombi jipya la mteja, ili chama kilipie. Nililala na hilo wazo usiku mmoja, sitasema uongo, lilinivutia. Asubuhi nikamwambia si ombi jipya, lilikuwemo kwenye daftari, nililiona, nikaliuliza, nikajibiwa nusu, nikaridhika. Hakufurahi. Mafundi wakaongeza nafasi tatu badala ya moja: mwenye jina, mwenye mzigo, na nani apelekewe ujumbe. Ilichukua wiki mbili na nusu, na muda wote huo ghala lilirudi kwenye daftari la kaunta, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Sasa, binti yangu, kozi gani? Zipo. IIBA, taasisi ya kimataifa ya wachambuzi wa biashara iliyoanzishwa Canada mwaka 2003, ina mwongozo wake wa fani, toleo la tatu ni la 2015, na ndani yake sura nzima inahusu sifa za mchambuzi mwenyewe. Wamezigawa mafungu sita: kufikiri kiuchambuzi, tabia, ujuzi wa biashara, mawasiliano, kuhusiana na watu, na zana. Kusikiliza kumo, katika fungu la mawasiliano. Usome. Mimi niliusoma mara mbili. Cheti chao kikubwa, CBAP, kinataka uwe umeshafanya kazi hii saa 7,500, kwa hiyo hata wao wanajua kuna kitu hakiingii kwa kusoma. Kwa siku za saa nane nane ni zaidi ya siku 930 za kazi. Nilipiga hesabu yangu nikaona bado, nikafunga kompyuta nikaenda kupika.

Ninachokifanya siku hizi si kikubwa. Neno "mahitaji" nimelifungia kabatini. Nikifika mahali nasema, "Nisimulieni siku ya kupokea mzigo inavyoanza, asubuhi, nani anafungua mlango." Mtu yeyote anaweza kusimulia siku yake, hata asiyependa mikutano. Nakaa popote penye mkeka. Na nikimaliza sisomi maandishi yangu halafu nikauliza "nimeelewa sawa?", maana jibu nalijua. Nauliza, "Nimekosea wapi?" Hapo heshima inageuka na kufanya kazi upande wangu: mgeni kashasema amekosea, si adabu kumkatalia, basi inabidi mwenyeji amsaidie kulitafuta kosa. Mara nyingi analipata.

Pia niliwahi kujirekodi, kwa ruhusa ya niliyekuwa naongea naye, mhasibu mmoja wa Lindi. Mazungumzo dakika 42. Nilipoyasikiliza nikapima na saa: dakika 29 nilikuwa naongea mimi. Na nilikuwa nimeenda kumsikiliza! Jaribu siku moja. Inauma, lakini inauma vizuri.

Kuuliza nako kuna namna. Gunia likipimwa chamani lina uzito wake. Likifika ghala kuu uzito umepungua. Upungufu huo unaitwa unyaufu, na kwa sehemu ni kweli, korosho inakauka. Mwaka wa kwanza nilimuuliza katibu wa chama kingine, "Hizi kilo zinapotelea wapi?" Akafunga daftari, akaniaga kwa upole sana. Nilikuwa nimemwita mwizi na sikujua. Msimu uliofuata nikarudi nikamwambia, "Katibu, naomba nilifuate gunia moja." Akacheka. Tukachagua gunia, nikalifunga kipande cha khanga kuukuu, nikalifuata kutoka mizani, kwenye lori, hadi geti la ghala kuu. Pale lori likakaa kwenye foleni siku mbili, jua lote, maturubai yamefunguliwa. Siku ya pili, tumeegemea tairi tunakula mihogo ya kuchoma, katibu akaanza kueleza mwenyewe: foleni ikiwa ndefu unyaufu unakuwa hivi, ikiwa fupi unakuwa hivi, na mizani ya pale ina tabia hii na hii. Alikuwa na namba za misimu mitano kwenye kijitabu kidogo mfuko wa shati. Hakuna aliyewahi kumwomba.

Mafundi wa programu ni kabila jingine. Wao hawakubali kwa heshima, wanakubali kwa haraka. Unaandika ukurasa mzima, unajibiwa "poa". Hiyo poa ni ndugu wa damu wa ile ndiyo ya Tandahimba, na dawa yake haitofautiani sana: unampigia, unamwambia akueleze yeye atakachojenga, kwa maneno yake. Dakika ya pili tu mnagundua mlikuwa mnaongea mambo mawili.

Tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa TMX, Soko la Bidhaa Tanzania, na Oktoba ile bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakashangilia kama mpira. Nilikuwepo kwenye mnada mmoja. Bei zinasomwa, wakulima wanaulizwa wanauza au hawauzi, mikono inanyooka. Zamani ningehesabu iliyonyooka. Nilijikuta natafuta ambao hawajanyoosha wala hawajakataa, waliokaa wanapapasa ncha ya khanga. Nikamfuata mmoja baada ya mnada, tukanunua togwa, tukaongea habari za watoto nusu saa. Sikuandika chochote. Jambo lenyewe alilitaja nilipokuwa nimeshasimama kuondoka. Mengi hutajwa wakati huo, kwa hiyo siku hizi nasimama polepole.

Lakini kama ni shule, binti, shule niliyosoma bila kujua ni meza ya mama yangu. Mteja anafika feri, anasema, "Nipe changu." Muuzaji mwingine anampimia changu. Mama anauliza, "Unapika nini leo? Mko wangapi?" Mteja: nina wageni, mchuzi wa nazi, tuko tisa. "Na pesa ngapi umetoka nayo?" Hapo mteja anacheka, anataja. Mama anasukuma changu pembeni, anamwekea tasi na vibua wa kutosha, anamwambia hawa wape watoto, hawa wape wageni. Mteja anaondoka na samaki ambaye hakumtaja, na keshokutwa yupo tena. Nilikaa chini ya meza ile tangu sijui kusoma, nikaenda chuo Dodoma, nikarudi kuuliza watu maswali 19.

Siku nyingine mteja anasema "huyuhuyu changu" na mama hajibu. Anaendelea kupara magamba, anasubiri. Nilimuuliza wakati fulani kwa nini anakaa kimya. Akasema, "Kashasema la kwanza. La pili linakuja."

Kwa hiyo nilimjibu yule binti kwamba ile kozi ya mtandaoni aliyonitumia bei yake asiilipie kwanza. Jumamosi aje feri saa kumi na mbili asubuhi, avae ndala, asije na shajara. Nimeshamwambia mama. Amesema atamkalisha upande wa pweza, maana ndiyo wanaoulizwa maswali mengi.